Nguo za Umeme na Hesabu ya Wati

Ninyi wenye watoto au ndugu huko Ulaya, labda mmekwisha kusikia kwamba kuna watu wanaovaa nguo zinazotiwa joto kwa umeme. Wengine wamecheka, na wengine wamesema kwamba hiyo ni anasa ya matajiri. Sisi watu wa Kivu tunaokaa Ubelgiji, upande wa milima ya Ardennes, na kwenda kazini kwa pikipiki, twapenda kuwaeleza nguo hizo ni kitu gani, na nguvu yake yatoka wapi. Tena twapenda kuwaonyesha kwa nini mtu wa mshahara mdogo aweza kuzinunua bila kuona haya.

Kwanza yafaa kuijua baridi yenyewe. Asubuhi ya Lubero ni baridi, lakini jua likipanda baridi huondoka. Huku, mwezi wa Desemba, jua halichomozi kabla ya saa mbili, nasi twaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo hakuna gari la moshi wala basi la kutufikisha kazini. Tena mwendo wa pikipiki huiongeza baridi. Hewa ikiwa na digrii 0, na mtu akienda kilometa 80 kwa saa, upepo humnyang'anya joto hata ngozi iliyo wazi husikia kana kwamba ni digrii 10 chini ya sifuri.

Mwili una akili yake. Kifua kikianza kupoa, damu hurudi ndani kuulinda moyo, na vidole vya mikono na miguu huachwa vipoe. Hapo ndipo ilipo hatari. Mkono uliokufa ganzi haukamati breki upesi. Kwa mwendo ule wa kilometa 80, pikipiki hupita meta 22 kwa kila sekunde. Vidole vikichelewa sekunde moja tu, zile meta 22 zimekwisha kupita, na aliyekuwa anavuka njia hakupata nafasi ya kukimbia.

Nguo za umeme hazikuanzia kwa waendesha pikipiki. Katika vita ya 1939 hadi 1945, askari wa Marekani waliopanda ndege kubwa za B-17 walivaa mavazi ya namna hiyo, kwa sababu huko juu baridi ilifika digrii 40 chini ya sifuri na kuzidi, na wengi walidhurika mikono na nyuso. Siku hizi koti la mwendesha pikipiki lina nyuzi nyembamba zilizofichwa katika kitambaa, kifuani, mgongoni, mikononi na shingoni. Umeme ukipita ndani ya nyuzi hizo, nazo hutoa joto, kama vile pasi ya umeme inavyofanya, lakini kwa upole.

Umeme huo hutoka wapi? Kuna glavu na fulana zenye betri yake ndogo, nazo hufaa kwa safari fupi. Betri ya volti 7.4 yenye ampea-saa 2.2 ina wati-saa 16 tu. Glavu moja ikila wati 8, betri yake imekwisha baada ya saa mbili. Kwa safari ndefu, nguo hufungwa kwa waya kwenye betri ya pikipiki yenyewe, na betri hiyo hujazwa na alternata, yaani mtambo unaozungushwa na injini ili kuzalisha umeme. Basi mwenye kulisha wote ni alternata. Huyo ndiye baba wa nyumba, na mshahara wake una mpaka.

Tuseme habari ya pikipiki yetu, yenye injini ya sentimeta za ujazo 500. Alternata yake hutoa wati 350. Taa ya mbele hula wati 55. Taa ya nyuma na taa ndogo za saa zake hula 15. Pampu ya petroli, mitambo ya kuichoma petroli na vyombo vyake hula kama 110. Twaacha 40 ili betri ijazwe. Jumla ni 220. Zinabaki wati 130. Koti letu hula wati 77, na glavu mbili hula 25, jumla 102. Zinabaki 28. Suruali ya umeme huomba wati 40: basi hatukuinunua, twavaa suruali mbili za kawaida. Wahenga walisema, mtu hujikuna ajipatapo.

Wati hizo 350 hazipatikani injini ikizunguka polepole. Mtu akisimama kwenye taa nyekundu, au akifuata msururu wa magari mjini, alternata hutoa kidogo sana. Kwa hiyo twapunguza joto tukiingia mjini, na kulipandisha tukifika njia kuu.

Kijana mmoja wa ndugu zetu hakupenda hesabu. Alikuwa na pikipiki ndogo ya sentimeta 125. Akanunua koti, glavu na suruali kwa siku moja, jumla wati 142, na muuzaji hakumwuliza hata neno moja juu ya pikipiki yake. Baada ya taa na injini kula, alternata yake ilibakiwa na wati kama 40. Wati 100 nyingine zilitoka katika betri ya ampea-saa 6, ambayo hata ikiwa mpya na imejaa ina wati-saa 72. Hata haikumaliza dakika arobaini. Taa ikafifia, kisha injini ikazimika, usiku, porini, theluji ikianguka. Alisukuma pikipiki hata nyumba ya kwanza, na aliyemfungulia mlango alimkuta hawezi kufungua vifungo vya koti lake. Nguo aliyoinunua imponye baridi ilimtupa katikati ya baridi. Siku hizi huvaa glavu za umeme tu, na chini ya koti la kawaida ana sweta mbili nzito. Hufika salama.

Basi, haya ndiyo tuliyoyashika. Waya wa nguo usiungwe kwenye waya mwembamba wa taa. Utoke moja kwa moja kwenye betri, ukiwa na fyuzi karibu na betri. Wati 102 kwa volti 13 ni karibu ampea 8, na fyuzi yetu ni ya ampea 10. Kipima volti kidogo kiwekwe mbele ya macho: injini ikifanya kazi, kisome 13.5 hadi 14.5. Kikishuka chini ya 12.5 na kukaa hapo, betri inaliwa, yafaa kuzima glavu au koti mara moja. Tena mtu akumbuke kuchomoa waya kabla ya kushuka, la sivyo utamvuta kama mbuzi aliyefungwa kigingini.

Koti la umeme livaliwe juu ya shati jembamba, na juu yake koti lisilopitisha upepo. Liwashwe kabla baridi haijaingia mwilini, kwa maana kulinda joto ni rahisi kuliko kulirudisha. Anayeweza kununua kitu kimoja tu, aangalie pikipiki yake. Ikiwa ina nguvu, aanze na koti, kwa sababu kifua kikipata joto, damu hufika vidoleni. Joto lisizidi. Hata joto lisilouma laweza kuichoma ngozi likikaa mahali pamoja muda mrefu, hasa kwa mwenye ugonjwa wa sukari ambaye ngozi yake haisikii vizuri.

Limebaki neno moja. Ndugu zetu wa nyumbani wametuuliza: kwa nini kutoa Euro 200 na zaidi kwa koti, na watoto wa dada yetu wanangoja minervali? Swali hilo si la kudharauliwa. Tulilijadili mezani jioni nyingi, mke na mume, na mwaka huo minervali ilichelewa mwezi mmoja. Watoto walirudishwa nyumbani kwa siku kadhaa, na jambo hilo lilituuma. Lakini mikono inayotuma minervali ndiyo ile inayokamata breki saa kumi na moja alfajiri. Ikikosa nguvu siku moja tu, shule haitachelewa mwezi mmoja, itakoma kabisa.

Kwa hiyo, mkimwandikia kijana wenu aliye huku, msimwulize tu kama amepata koti la baridi. Mwulizeni pia: pikipiki yako yatoa wati ngapi, nawe wazitumiaje? Akiweza kuwajibu kwa hesabu, laleni usingizi.