Maneno ya Mzazi Yasiyoingia Failini

Wanawake waliojifungua katika hospitali za umma za Kenya na Tanzania miaka ya 1990 wanayo kumbukumbu ya mambo mengi ambayo hayakupata kuandikwa popote: aliyekuja na beseni lililojaa pamba, glavu na kanga mpya alihudumiwa mapema, ilhali aliyekuja mikono mitupu, msichana wa shule au mwenye virusi vya ukimwi aliambulia masimango. Faili lilihifadhi uzito wa mtoto na kiasi cha damu iliyopotea, likanyamazia masimango hayo.

Mwaka 2007 chama cha wanasheria wanawake nchini Kenya, FIDA, kikishirikiana na taasisi ya haki za uzazi yenye makao New York, kilichapisha ripoti iliyobeba ushuhuda wa wanawake wenyewe, wakiwemo waliozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua kwa kushindwa kulipa. Watafiti walifuata kwa madodoso, na hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo wanasheria hawakuwa na njia ya kulipima. Katika utafiti uliofanywa mkoani Tanga, wanawake waliohojiwa wakati wa kuruhusiwa kutoka walioeleza kwamba walidhalilishwa walikuwa asilimia 19 hivi, lakini sehemu ya wanawake hao hao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, kiwango kilifikia asilimia 28. Tofauti hiyo haishangazi, kwa kuwa mama anayetoka wodini anajua kwamba atarudi na mtoto kwa ajili ya chanjo, pengine kwa muuguzi yule yule, na kumung'unya maneno mlangoni ni busara ya mtu asiye na pa kwenda kwingine.

Mahakama zilihitaji zaidi ya asilimia. Mwaka 2013 mwanamke mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya rufaa ya Bungoma, akatukanwa na kupigwa makofi na wauguzi, na tukio likanaswa kwa video. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya, ikieleza kwamba haki zake za kikatiba zilikiukwa. Ni vigumu kuamini kwamba neno lake peke yake lingefika mbali kiasi hicho.

Karatasi za leba ndizo zilizochelewa zaidi. Patografu, yaani grafu ambayo mkunga hufuatilia kwayo uchungu, ilikuwa na nafasi ya mapigo ya moyo wa mtoto na kufunguka kwa mlango wa kizazi na mengine ya aina hiyo tu. Mwongozo mpya uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 umeongeza sehemu ya kuandika kama mama ana msindikizaji, kama amepewa kinywaji na kama ametulizwa maumivu, ingawa anayeijaza bado ni mkunga, wala hakuna mahali pa mama kuandika lolote.