Macho Kabla ya Miguu

Kwa miaka miwili niliamini kwamba mimi ni mzito. Darasani sikuwa nyuma, lakini kwenye kiwanja cha saruji cha chuo chetu, katikati ya Nairobi, mipira ilianguka mbele yangu nikiwa bado nimesimama wima. "Akili zako ni za vitabu tu," wenzangu walinitania. Nikaongeza mazoezi ya mbio. Nikawa mwepesi, na bado nikachelewa.

Nilikuwa libero, yule mlinzi wa jezi ya rangi tofauti ambaye sheria za kimataifa zilimwingiza kwenye voliboli mwaka 1998. Haruki kuzuia wavuni. Kazi yake ni kupokea na kuokoa. Libero anayechelewa ana faida gani?

Siku moja kocha alinikalisha benchi seti nzima. "Leo usiutazame mpira," akasema. "Mpira hauna siri. Siri anayo anayeupiga."

Nilimwelewa jioni ile, ndani ya matatu ya Kangemi. Tulipofika Westlands, makanga aligonga bodi kabla abiria hajasema "shukisha". Nikamuuliza amejuaje. "Si ameshika begi, akageuza magoti?"

Kesho yake nikayapangia macho kazi: kwanza jinsi wapinzani wanavyopokea, kisha mikono ya anayeandaa mpira, halafu bega na mkono wa mshambulizi. Mkono ukipunguza kasi, ni mpira wa kudokoa, nasogea mbele. Bega likielekea pembeni, nabaki kwenye mstari.

Kigumu zaidi kilikuwa kusahau. Akili yangu ya darasani ilipenda kuchambua kosa, na nikiwa bado nachambua, mpira mwingine wa kuanzisha ulikuwa umeshafika. Nikajizoeza kupangusa goti mara moja baada ya kila pointi: limekwisha, linalofuata.

Mwaka 2021, nikitazama Olimpiki ya Tokyo, nilimkazia macho Agripina Kundu, libero wa Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya. Kenya ilipoteza mechi zake zote 5, lakini mimi nilipata somo: alikuwa ameshainama kabla mpira haujapigwa.

Sijawa bingwa, na mipira mingine bado inanipita. Ila siku hizi nikikosa najua nilikosea wapi. Nawe mdogo wangu unayeitwa mzito, kabla hujailaumu miguu, jiulize macho yako yalikuwa wapi.