Chai ya Shangazi

Dada yangu wa Lumemo alipopatwa na saratani ya titi, alipelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Dawa za mshipani zilipigana na ugonjwa, zikamnyima pia hamu ya chakula. Kila aliporejea nyumbani shangazi, baada ya kumwuliza daktari, alimchemshia tangawizi na kumkanda miguu. Mimi, msomi, nilicheka. Naam, tangawizi haiponyi saratani. Lakini kichefuchefu kilipungua, na dada akaanza tena kutania watu. Jirani alipoleta mizizi isiyo na jina, akishauri hospitali iachwe, shangazi alikataa: "Kazi yangu ni kumpa nguvu ya kurudi kwa daktari." Alirudi mara sita. Juzi aliniagiza jembe la kulimia mpunga.