Milango ya Fahamu na Bawabu Wake

Katika Kiswahili hisi za mwanadamu huitwa milango ya fahamu, na milango hiyo huhesabiwa mitano: jicho, sikio, pua, ulimi na ngozi. Jina hilo ni zuri, maana lasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba ulimwengu hauingii wote ndani ya mtu. Huingia kile tu kiwezacho kupita mlangoni. Sikio la kijana hupokea sauti zenye mitetemo kutoka 20 hata 20,000 kwa sekunde. Popo hulia juu ya kiwango hicho, akapita juu ya kichwa cha mtu kana kwamba ni bubu. La pili ni kwamba penye mlango hapakosi bawabu. Bawabu wa fahamu ni mazoea. Hulelewa na lugha ya mtu, na kazi yake, na mahali alipokulia. Humkaribisha mgeni huyu na kumrudisha yule, na mara nyingi mwenye nyumba hana habari.

Mfano wake ni jina la Bagamoyo. Mtu wa pwani alisikiapo, mara huona mji wa kale unaoikabili bahari, minazi na majahazi. Lakini iko Bagamoyo nyingine, mbali na bahari, nayo ni kata ya mji wa Tukuyu, wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Mkazi wa huko alisikiapo jina lile lile, huona migomba, mashamba ya chai, na mlima Rungwe ambao kimo chake ni karibu mita 3,000. Sauti ni moja, masikio yameumbwa namna moja, lakini yaliyoonwa ni mawili. Kumbe hata kabla jicho halijafunguliwa, mtu huona kwa yale aliyokwisha kuyaishi.

Si picha tu zilizo chini ya amri ya mazoea; hata sauti yenyewe haikusalimika. Kiswahili kina irabu tano, na Kinyakyusa, lugha ya wenyeji wa Rungwe, kina saba. Kati ya i na e, na kati ya u na o, Mnyakyusa husikia sauti nyingine zinazobadili maana ya neno. Mgeni aliyelelewa na irabu tano husimama mbele ya tofauti hiyo asiipate, akadhani mwenyeji ametamka neno moja mara mbili. Mawimbi ya hewa yamefika sikioni mwake sawasawa na yalivyofika sikioni mwa mwenyeji. Bawabu ndiye aliyeyarudisha.

Tena milango hii haikujengwa kila mmoja peke yake. Hupelekeana habari kwa siri. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walitangaza jaribio moja la ajabu. Watu walioneshwa picha ya mtu ambaye midomo yake yatamka ga, huku sauti iliyoambatishwa na picha ikisema ba. Wengi wa watu wazima walisikia da, silabi ambayo haikutamkwa na yeyote. Walipoacha kutazama midomo, ba ilirudi mahali pake. Jicho lilikuwa limetia neno katika sikio.

Ulimi na pua navyo vina ushirika kama huo, nao wajulikana vema katika nchi ya chai. Ulimi peke yake hutambua mambo machache: utamu, uchungu, ukali, chumvi, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Mengine yote ambayo mnywaji huyasifu katika kikombe hutoka puani, na ndiyo sababu mtu mwenye mafua hulalamika kwamba chakula hakina ladha. Mwonjaji wa chai hufyonza kijiko chake kwa kishindo ambacho mezani kingehesabiwa kuwa utovu wa adabu. Kwake yeye ni kazi, kwani kwa kufyonza hivyo huipandisha harufu ya chai nyuma ya kinywa mpaka puani. Kinywaji ni kile kile, lakini mwonjaji hukuta ndani yake mambo ambayo mnywaji wa kawaida ameyanywa miaka yote bila kukutana nayo.

Haya yote yangeweza kuwa mazungumzo ya kupitisha jioni, kama bawabu huyu asingewahi kuwazuia mlangoni wageni wenye thamani. Rungwe yenyewe ina ushahidi. Katika misitu ya mlima ule aliishi kima ambaye elimu ya wanyama haikumjua. Wenyeji walimjua, nao walimwita kipunji. Mwaka 2003 watafiti wa Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, waliwauliza wawindaji habari za wanyama wa msituni, wakatajiwa kima mwenye kujificha. Habari hiyo haikuaminiwa mara moja, kwa sababu katika masimulizi ya msitu wanyama wa nyama na mifupa hutajwa pamoja na wanyama wa mizimu. Watafiti wakaingia msituni, wakawa wakimwona nusunusu kati ya majani, mpaka mwezi wa Desemba mwaka ule ule walipomwona waziwazi. Mwaka 2004 watafiti wengine, wakiongozwa na Trevor Jones, walimkuta katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, bila kujua habari za wenzao wa Rungwe.

Yafaa kutazama jinsi mnyama huyu alivyopita mlango baada ya mlango. Kwanza alipita sikioni, kwa maneno ya wawindaji, na akatiliwa shaka. Kisha alipita jichoni, na mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu katika jarida la Science, picha ikisimama mahali pa mwili wake. Hata hapo wako wataalamu walionung'unika kwamba picha haitoshi. Mwisho kima mchanga alipatikana amekufa katika mtego wa mkulima. Akashikwa kwa mikono na kupimwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Na katika alama zilizomtenga na kima wanaofanana naye, mojawapo ilikuwa mlio wake, ulio kama honi iliyochanganyika na kubweka. Sikio lililodharauliwa mwanzoni liliitwa tena kutoa ushahidi.

Si haki kuwalaumu wataalamu kwa kutaka kuona. Kusikia si kuona, wasema Waswahili, na elimu isiyochungua hugeuka uvumi. Lakini kutilia shaka neno ni jambo moja, na kutolisikia kabisa ni jambo jingine. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilikadiria kwamba kipunji wote walikuwa 1,117 tu, katika misitu iliyokuwa ikikatwa na kuwindwa. Laiti maneno ya wawindaji yangalifungiwa mlango kwa miaka mingine mingi, yamkini jicho lingalifika msituni likakuta kimya.

Kiswahili chenyewe kina funzo hapa, kama wanafunzi wake watakubali kulipokea. Mswahili husikia sauti, lakini pia husikia harufu, husikia njaa, husikia baridi, husikia maumivu. Na mtoto asiyetii husemwa kuwa hasikii. Katika kitenzi hicho kimoja lugha imekusanya pua, ngozi, tumbo na utiifu wa moyo, kana kwamba kusikia ni kukubali kuguswa na kitu ambacho mtu hakukichagua. Jicho huelekezwa apendako mwenyewe, na kope hulifunga; sikio halina kope. Msomi aliyefunzwa kuamini ukurasa, picha na kipimo amepata hazina kubwa. Lakini akaapo na mkulima, mwindaji au mwanamke mzee ambaye irabu zake ni saba, amwamuru bawabu wake asogee kando kidogo, kwa kuwa huenda kile anachokiita kelele ni habari ambayo yeye bado hajazoezwa kuipokea.