Barua kwa Mpwa Wangu Kuhusu Sauti ya Om

Tanga

Mpendwa mpwa wangu Rehema,

Nimefurahi kusikia masomo yako ya fizikia huko Pune yanakwenda vizuri.

Umeniuliza kama ni kweli NASA imerekodi jua likitamka Om, neno takatifu la Wahindu, kama unavyodai ujumbe uliotumiwa na wenzako. Si kweli, mwanangu. Jua hutetemeka, ila mtetemo wake maarufu huchukua dakika kama 5 kukamilika, ilhali sikio letu huanza kusikia kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde. Wanasayansi huziharakisha data hizo maelfu ya mara ndipo zisikike, na kinachosikika ni mvumo tu.

Kama unataka kuichunguza Om, ianzie kinywani mwa binadamu. Wahindu huigawa katika a, u na m, na maandiko yao ya Mandukya Upanishad, yenye aya 12 tu, huongeza sehemu ya nne isiyo na sauti. Muombe rafiki yako ruhusa, umrekodi, kisha uitazame sauti kwenye spektrogramu, mchoro unaoonyesha masafa ya sauti kadiri muda unavyopita. Kwenye a, kinywa kiko wazi na nguvu ya sauti husambaa hadi masafa ya juu. Midomo ikiviringika kwenye u, nguvu hiyo hushuka. Kwenye m midomo imefumba, hewa hupitia puani, hubaki mvumo mzito. Nyuzi za sauti zaweza kutetemeka kwa kasi ileile muda wote. Kinachobadilika ni umbo la kinywa.

Mwaka 2011 watafiti wa taasisi ya afya ya akili ya NIMHANS, Bengaluru, walichapisha vipimo vya MRI vya watu 12. Walipoimba Om, shughuli ya amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, ilipungua. Walipotoa sauti ya “sss” haikupungua. Watu 12 ni wachache, kwa hiyo usitangaze tiba. Tena si Om pekee inayoathiri mwili: utafiti wa Italia wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa rozari ya Kilatini na mantra, zote mbili, zilishusha pumzi hadi kama 6 kwa dakika.

Sauti ipime, imani ya mwenzako iheshimu. Kulitetea neno takatifu kwa uongo ni kulivunjia heshima. Ujumbe ule usiusambaze. Waonyeshe wenzako vipimo vyako.

Wasalaam,
Mjomba wako