Ilula, kwa Njia ya Kitonga

Gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser Prado ya mwaka 1998, namba B, rangi ya kijani iliyopauka juu ya boneti. Chini ya boneti hiyo ilikaa 1KZ-TE, injini ya dizeli ya lita tatu ambayo kila fundi wa Dar es Salaam ana la kusema juu yake. Wapo watakaokuapia kwamba haifi. Wapo watakaokuambia usiisogelee, hedi yake inapasuka. Bahati mbaya kwa mnunuzi, wote wanasema kweli.

Muuzaji alikuwa mzee mstaafu wa Tabata mwenye shamba la nyanya Ilula, mkoani Iringa. Alikuwa amechoshwa na wanunuzi wanaokuja jioni, wanalizunguka gari, wanapiga matairi teke, kisha wanaomba wapunguziwe milioni tatu. Kwenye simu akanipa shauri ambalo sijalisikia kwa muuzaji mwingine yeyote: "Mwanangu, Ijumaa nakwenda shamba. Njoo uendeshe wewe. Tukishafika juu ya mlima wa Kitonga ndipo tuongee bei. Ikichemsha, hunidai wala sikudai." Nilikubali kwa sharti moja, kwamba nije na mjomba wangu, aliyeanza kuendesha malori ya Zambia kabla gari hilo halijaundwa. Mimi maisha yangu yote nilikuwa mtu wa vigari vya petroli. Usukani wa dizeli nilikuwa naushika kwa mara ya kwanza.

Tulifika Tabata mapema kuliko tulivyoahidi, na hiyo ilikuwa hila ya mjomba. Baada ya salamu, jambo la kwanza alilofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi. Dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiwa na joto, ndiyo maana muuzaji mjanja huiwasha kabla mteja hajatokea. Mjomba akafungua kifuniko cha rejeta, akapitisha kidole kwa ndani, akakinusa. Kulanti ilikuwa ya kijani, haina utando wa mafuta. Akachomoa dipstiki: oil ilikuwa nyeusi, kama ilivyo kawaida ya dizeli, lakini haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ambayo ndiyo dalili kwamba maji yameingia mle. Akalibana bomba la juu la rejeta, lilikuwa laini. Bomba likiwa gumu asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, ujue presha ya silinda inavujia kwenye maji, na hapo hakuna haja ya kuuliza bei.

Nikageuza ufunguo, nikasubiri taa ya hita izimike, nikawasha. Ikashika mara moja, ikatoa moshi mweupe kidogo, ukapotea. Moshi ule ungeendelea tungekuwa na wasiwasi wa maji. Ungekuwa wa bluu, wa oil. Mjomba alikizungusha kifuniko cha kujazia oil na kukiacha kimelala tu juu ya tundu lake. Kikatetemeka, hakikuruka. "Pistoni bado zinabana," akasema, kisha akatoa mfukoni kipimajoto cha waya na kukifunga karibu na thamostati. Mzee alicheka. Mjomba hakucheka. Mshale wa joto wa magari ya enzi zile umezoea kukaa katikati hata joto likipanda. Ukiuona unasogea, mara nyingi madhara yameshaanza.

Kimara hadi Kibaha barabara ilikuwa bado nyeupe, nikapata nafasi ya kumweleza mzee nilivyofika kwenye gari la umri ule. Katika kutafuta, nilikuwa nimeanza kwa kuitazama Mazda CX-5 ya dizeli ya 2013. Ni gari zuri na halinywi sana. Lakini lina kichujio cha masizi kwenye mfumo wa moshi, na kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi pale gari linapokimbia kwa muda wa kutosha. Safari zangu mimi ni foleni za Tabata na Kariakoo. Kichujio kikikatizwa kabla ya kumaliza, dizeli iliyonyunyizwa kwa kazi hiyo huteremkia kwenye oil, na oil ikapanda kwenye dipstiki badala ya kushuka. Asiyejua hufurahi kwamba gari lake halili oil.

Prado ya umbo lililofuata, lile la 2002 hadi 2009, nilikuta nyingi zina 1KD-FTV. Nayo ni ya lita tatu, ina nguvu zaidi, ila nozo zake zinafanya kazi kwa shinikizo linalozidi baa 1,000. Washa za shaba zinazokaa chini ya nozo hizo zikianza kuvuja, masizi huingia kwenye oil, huganda, na mwisho huziba chujio la kunyonyea oil chini kabisa ya injini. Dipstiki inaonyesha oil imejaa, na injini inakufa kwa kuikosa. Aliyebadilisha washa kwa wakati anakaa na gari hilo miaka na miaka. Tatizo ni kujua kama muuzaji alizibadilisha, na nilipouliza, nilijibiwa kwa maneno matupu.

Mjomba akauliza kwa nini basi Prado za dizeli zinazoletwa ni kuukuu. Jibu liko Tokyo. Mwaka 1999 gavana wa mji huo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari akatikisa chupa ya plastiki yenye masizi meusi yaliyotoka kwenye magari ya dizeli. Oktoba 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango yakapigwa marufuku Tokyo na mikoa inayoizunguka, na sheria ya nchi ikayabana hata magari madogo katika miji mikubwa. Yaliyokosa pa kukaa yakapanda meli. Toyota yenyewe iliiondoa Prado ya dizeli kwenye soko la Japani 2007, ikairudisha 2015. Kwa hiyo anayetaka iliyotumika Japani anachagua kati ya ya zamani sana na ya bei ya kiwanja. Wenzetu wa Kenya hawapokei gari lililozidi miaka minane. Sisi tunalipokea, tunalitoza zaidi kwa uzee wake, kisha tunalitafutia fundi.

Mlandizi mzee aliniambia nipitilize vituo viwili, nikajaze kwenye kile anachokijua yeye. Ana sababu. Uchakachuaji ulituumiza sana, hadi mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuyachanganya na dizeli kusiwe na faida. Na tangu 2015 dizeli ya nchi za Afrika Mashariki inatakiwa kuwa na salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, jambo lililowafaa zaidi wenye injini za kisasa. Pampu ya 1KZ ni ya kizamani, inavumilia mengi. Ugonjwa wake hautoki kwenye tangi.

Ugonjwa wake ni joto. Bloku ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya alumini, na vyuma hivyo viwili havitanuki sawasawa. Gari likichemsha mara moja na dereva akasema "nifike tu pale mbele", hedi inapinda au inapata ufa mdogo kwenye vyumba vya kuchomea mafuta. Ufa huo unaweza kukaa kimya miezi mingi huku mwenye gari akiongeza maji kila Jumapili. Wanaoisifu injini hii ni wale ambao hawajawahi kuiacha ikauke maji. Wanaoilaani walinunua kwa mtu aliyewahi.

Ndiyo maana kilichonivutia zaidi kwa yule mzee ni daftari. Lilikuwa kaunta buku la kawaida, jalada limekatika, na mjomba alilisoma kwa sauti kiti cha nyuma kuanzia Chalinze. Oil kila kilometa 5,000. Chujio la dizeli. Pampu ya maji, pamoja na jina la mtaa alikonunua. Kulanti, si maji ya bomba. Mwandiko ulibadilika katikati, mzee alipoanza kuvaa miwani. Mileji ya dashibodi mtu anaweza kuirudisha nyuma jioni moja. Kurasa za miaka kumi na zaidi zenye wino tofauti ni kazi kubwa kuzighushi. Karibu na Mikese mjomba akanyamaza, akarudisha kurasa, akasema, "Mzee, mkanda wa taimingi siuoni tangu kilometa laki moja na kitu zilizopita." Mzee akasema alikuwa anasubiri mauzo ya nyanya. Kilometa laki moja ndio muda wa mkanda huo. Ukikatika, vaivu na pistoni zinakutana.

Morogoro tulikunywa supu Msamvu, mjomba akalala chali chini ya gari kutafuta matone. Hakuna. Mikumi tulipita taratibu, kwa ajili ya wanyama na ya tochi za trafiki, na twiga walikuwapo kama kawaida yao. Kipimajoto kilisoma nyuzi 84, kikagusa 88 kwenye bonde la mibuyu, ambako joto la mchana lilituingia hata kupitia sakafu. Ruaha Mbuyuni mzee alinunua vitunguu vya kutosha kufungua duka. Mjomba akatuonyesha upande lilikopita bomba la TAZAMA, kilometa 1,710 mpaka Ndola, lililofunguliwa 1968 kupeleka mafuta ghafi na ambalo siku hizi linapeleka dizeli. "Hili ndilo lililotunyang'anya mizigo," akasema, bila kinyongo kikubwa.

Kisha Kitonga. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, kona juu ya kona, na kwenye lami kuna mawe yaliyoachwa na utingo baada ya kuzuia magurudumu. Malori yanayoshuka yanakuja na harufu ya breki. Sisi tuliangukia nyuma ya semi iliyobeba saruji, ikipanda kwa mwendo wa mtu mzima anayetembea. Hakuna pa kupita, na huo ndio mtihani wenyewe: injini inavuta kwa nguvu, turbo inafanya kazi, halafu upepo wa kupoza rejeta hakuna.

"Usimkaribie. Weka namba mbili, zima O/D," mjomba akasema.

"Nimeshaweka, mjomba."

Nyuzi 90. 93. Kona ya pili, feni klachi ikashika, tukaisikia ikinguruma mbele yetu. 96. Mzee, aliyekuwa akizungumza tangu Ruvu, aliacha kuzungumza. Mshale wa dashibodi ulikuwa katikati, haujasogea hata unywele. 99. Kwenye sufuria isiyo na kifuniko, katika mwinuko wa Iringa maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachoyazuia ndani ya gari ni presha inayoshikiliwa na kifuniko cha rejeta, kitu cha bei ndogo ambacho mahali pake wengi huweka chochote kinachoingia. Nilijiwekea mpaka: ikifika 105, nasimama. Ilikaa 99 kwa kona zilizobaki, ikaning'inia hapo, na tulipotokea juu, semi ikatupisha, joto likaanza kushuka. Tunaingia Ilula ilikuwa 89.

Mjomba hakuniruhusu kuzima mara moja. Turbo huachwa ipoe kwanza injini ikiwa inaunguruma polepole. Alifungua boneti na tochi ya simu ingawa kulikuwa na jua. Na akaliona. Pale tangi la juu la rejeta, la plastiki, linapokutana na alumini, palikuwa na mstari mwembamba wa kijani, wenye unyevu, wa sasa na si wa zamani. Alfajiri haukuonekana kwa sababu hakukuwa na presha. Kwenye chupa ya akiba maji yalikuwa yamepungua kidole kimoja.

Mzee aliinama, akaugusa, akanusa kidole. "Hilo sikulijua," alisema, na namwamini. Daftari linaandika yaliyotengenezwa, haliandiki yanayokuja. Lakini mvujo wa namna hiyo, akikutana nao mtu asiyefungua boneti, ndio unaoua hedi ya 1KZ.

Tuliongelea bei chini ya mwembe wa jirani. Mzee alikuwa anataka milioni 24. Tukatoa gharama ya rejeta mpya, mkanda wa taimingi na tensha yake, thamostati na kifuniko, na mjomba akaongeza kazi ya fundi kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Tukaishia 22, nusu pale pale, nusu baada ya kuhamisha kadi na kuhakikisha gari halidaiwi faini za trafiki. Halikuteremka Kitonga na rejeta ile. Nilifunga nyingine Iringa mjini.

Kwa anayeuliza kama 1KZ ni injini ya kununua leo: yenye daftari, iliyowashwa ikiwa baridi mbele ya macho yako na ikapandishwa mlima mrefu polepole, nunua, na bakiza milioni mbili za matengenezo ya mwanzo. Isiyo na daftari, toa bei ya gari lenye hedi mbovu. Muuzaji akikataa ulipandishe gari mlimani, mwache akae nalo.