Njia ya Kalehe: usiku wa mvua tutalala wapi?



Mwezi wa tano 2024 tulitoka Bukavu asubuhi na mapema, wamama saba ndani ya gari moja, kwenda kuwasalimia wenzetu wa Bushushu, wilaya ya Kalehe. Mwaka mmoja ulikuwa umetimia tangu yale maji. Tulipita Miti, Kavumu na Katana, Ziwa Kivu likiwa upande wa kuume. Upande wa kushoto milima imesimama, imelimwa mihogo, maharagwe na migomba mpaka juu. Ni njia nzuri sana. Lakini ukitazama vizuri unaona hatari yake: mlima mkali juu, ziwa chini, na watu wamebanwa katikati.

Bushushu tulishuka. Mahali palipokuwa na nyumba sasa ni mawe matupu, mengine makubwa kuliko jiko la nyumbani. Matope ndiyo yaliyaleta. Tulisimama kimya.

Wengi wenu mnakumbuka. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 4 mwezi wa tano 2023. Huko Nyamukubi, mbele zaidi kwa upande wa Minova, ilikuwa siku ya soko, wamama wako na biashara zao na watoto wao. Mvua kubwa ilinyesha, mito ikajaa, kando za milima zikaporomoka, na matope, mawe na miti vikashukia vijiji. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Tarehe 8 taifa lote liliomboleza.

Kwa nini mlima unashuka? Fikiria nguo uliyoiloweka: ikiwa kavu ni nyepesi, ikilowa inakulemea mkononi. Udongo ni vile vile. Mvua ikinyesha sana unakuwa mzito, na maji yaliyoingia ndani yanaufanya uteleze. Mizizi ya miti mikubwa ndiyo inaushika. Sisi tumekata miti kwa ajili ya makala na mashamba, tukabaki na mihogo ambayo tunaing'oa wenyewe.

Mama mmoja aliyepona alitueleza kwamba aliacha mizigo yake yote, akashika watoto, akapanda pembeni, mbali na mto. Hakukimbia kufuata maji yanakoelekea. Jambo hilo tulibebe sote, kwa maana matope yana mbio kuliko mtu.

Alama ni hizi. Nyufa mpya kwenye udongo au ukuta. Mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama. Miti imeanza kuinama. Chemchemi inatoka mahali ambapo haikuwako, au maji ya mto yanageuka matope ghafula. Na hii ndiyo ya kuogopa sana: mvua inanyesha, lakini mto unapungua. Maana yake huko juu kuna kitu kimeuziba, na kikiachia, vyote vitashuka mara moja. Ukisikia mngurumo mlimani, usingoje kuona. Na ukishatoka, usirudi kwa ajili ya godoro wala mbuzi.

Tuliona pia nyumba mpya za mbao zimejengwa karibu na mawe yale yale. Mmoja wetu alitaka kuuliza kwa nini, akanyamaza. Shamba liko pale, soko liko pale, maji ya kunywa yako pale. Kuhama ni feza, na kiwanja kingine ni cha nani? Kutafuta mahali salama pa kujenga ni kazi ya viongozi, na tusichoke kuwadai.

Lakini kuna jambo moja ambalo kila nyumba inaweza kuamua leo bila kungoja mtu: usiku wa mvua kubwa tutalala wapi? Tafuta ndugu au jirani anayekaa mbali na mto na mbali na mteremko mkali. Mwombe sasa, jua likiwaka. Watoto wajue njia, na nani atamshika nyanya. Kundi lenu lichague mama wa juu atakayewapigia simu wa chini mvua ikianza huko kwake.

Tulirudi Bukavu jioni, mawingu yakiwa yamekaa juu ya milima. Ndani ya gari tuliulizana swali hilo. Kati yetu saba, wawili tu walikuwa na jibu.

Na wewe, mama?